Shemeji Aliyeshuka kwa Namba ya Mume Wangu

Mimi kukaa kitako sijui. Mama yangu alikuwa akisema siku nazaliwa kuna mtu alikuwa anabisha hodi mlangoni, nami nikatoka mbio nikidhani naitwa mimi. Sasa fikirieni nilivyoteseka kule kambini, kwenye mgodi wa dhahabu upande wa Geita, miaka ile ya baada ya vita vikubwa, mahali ambapo kazi ya mwanamke ilikuwa kungoja. Unangoja king'ora cha asubuhi, mume aondoke. Unangoja siku ya posho. Unangoja zamu yako ya bomba. Unangoja king'ora cha jioni, halafu unasimama mlangoni kutazama vichwa vinavyopanda kilima mpaka ukione cha kwako. Wenzangu walingoja huku wakisukana. Mimi nilifagia chumba mpaka sakafu ikaanza kuota mashimo.

Jirani yangu, mama mmoja wa Tabora aliyekuwa akikaanga maandazi ya kuuza, alinichoka.

"Wewe mwanamke una kiherehere," alisema. "Hebu kaa chini, utatutia kizunguzungu."

Nakaa. Kabla andazi halijageuzwa nimeshasimama.

Mume wangu alikuwa kinyume changu kabisa. Mtu wa kwetu karibu na Tinde, mrefu, mpole, akiulizwa jambo leo anakujibu kesho. Alikuja mgodini kwa hiari yake, akaweka dole gumba mbele ya karani, na karani akamsomea mkataba. Nilikuwepo, nimesimama mlangoni na kapu langu. Mgodi utampa chumba, posho, dawa akiugua. Yeye atashuka shimoni kila siku ya kazi mpaka muda uishe, na asiondoke bila ruhusa. Akiondoka bila ruhusa ni mtoro, na utoro ni kosa la kushtakiwa bomani. Umeelewa? Mume wangu akasema ameelewa. Kiswahili chetu wakati ule kilikuwa cha kununulia chumvi. Tulielewa chumba, posho na dawa. Hilo la boma lilipita kama upepo.

Wakampa kibati chenye namba. Asubuhi unakionyesha pale mdomoni mwa shimo, jioni unarudi nacho. Mzungu wa kambi hakumjua mtu hata mmoja kwa sura, alijua namba. Nyapara ndiye aliyetujua sisi kwa sura, kwa kabila na kwa tabia, na ndiye aliyegawa beleshi na toroli kila asubuhi. Alikuwa Msumbwa, mtu wa maneno mengi, anapenda sifa kuliko chakula, na chakula anakipenda sana.

Siku moja mchana mdogo wake mume wangu akatokea kambini, miguu imejaa vumbi, hana mzigo. Nilipomwona hana mzigo nikajua kuna jambo. Mtu anayekuja kutembea huja na kuku, na karanga, na salamu. Huyu alikuja mikono mitupu. Akanisalimia, nikamwuliza kwa lugha yetu kama ni kwema, "Mhola?" akasema, "Si mhola." Mama yao amefariki.

Jioni mume wangu aliposikia hakulia. Alikaa kwenye kigoda, akavua viatu vya mgodi, akaviweka sawasawa ukutani, akasema lazima aende. Yeye ndiye mtoto wa kwanza. Kwetu, mama akifa, mtoto wa kwanza asipotupa udongo kaburini na kunyoa nywele pamoja na wengine, matanga hayaishi. Yanabaki wazi, na watu hawalali vizuri. Kwa mazishi wasingeweza kumsubiri, lakini kwa matanga wangemsubiri.

Asubuhi akaenda kuomba ruhusa. Nilimfuata kwa nyuma, mnanijua. Nyapara akamchukua mpaka kwa Mzungu wa kambi. Mzungu hakuwa mtu mbaya, wala hakupiga kelele. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema anasikitika, ila kazi imekaza, watu hawatoshi, na mkataba haujasema habari za misiba. Amalize muda wake ndipo aende. Basi. Mume wangu akashukuru! Alishukuru na kofia mkononi. Mimi damu ilinichemka, nikageuka nikaenda zangu kabla sijasema neno la kututia matatani.

Sasa hapa lazima nieleze mambo ya kwetu, maana bila hayo mtatuona wajinga. Vijana wa kwetu hulima kwa kikundi. Tunawaita basumba. Wanajipanga shambani mstari mmoja, kila mtu na tuta lake, ngoma inalia, majembe yanapanda na kushuka pamoja. Ukiugua, au ukifiwa, ndugu yako anakuja kusimama kwenye tuta lako. Hakuna anayeuliza. Mwenye shamba hana shida na sura yako, yeye anataka mstari usiwe na pengo. Na siku ya kula ng'ombe wa kazi ile, fungu lako linatolewa kwako, kama vile ulikuwepo. Pengo ndilo aibu. Mtu aliyeacha pengo na hakuweka ndugu, huyo hata kusalimiwa hasalimiwi.

Kwa hiyo shemeji alipofungua mdomo akasema, "Kaka, wewe nenda, mimi nitasimama," hakuna aliyeshtuka. Hata mimi mwenye roho juu juu sikushtuka. Nilisema ndani ya moyo wangu, ala, mbona rahisi hivyo! Mzungu anataka mtu, mtu huyu hapa, ana mikono miwili na mgongo mzima. Mume wangu akamwendea nyapara na jogoo. Nyapara akampima shemeji kwa macho kutoka juu mpaka chini, akamshika mkono, akasema anafaa, akachukua jogoo. Yeye mwenyewe amekua akilima mistari hiyo hiyo, alijua tunasema nini. Mume wangu akamvika mdogo wake kibati, na alfajiri akapanda lori la pamba kwenda matangani kwa mama yake.

Nikabaki na roho isiyotulia. Shemeji alilala kwa kijana mmoja wa zamu yake, na chakula akala kwangu. Mtu huyu alikuwa na mzaha! Anatokea mlangoni mweusi kwa vumbi, meno tu yanaonekana, anasema, "Mke wangu, leo umenipikia nini?" Ni utani wetu, mdogo wa mume ni mume mdogo, kila mtu anajua. Mama wa Tabora anacheka mpaka maandazi yanaungua. Namjibu, "Nenda ukaoe wa kwako, mkono mtupu wewe!" Naye kweli alikuwa katika kutafuta. Kuna binti alimtaka kule nyumbani, anakusanya mahari, na kila jioni alinieleza habari za binti huyo mpaka nikajua jinsi anavyotembea.

Halafu king'ora kikalia saa isiyo yake.

Aliyewahi kukaa mgodini anajua sauti hiyo. Wanawake wote walitoka vyumbani bila kuulizana. Mimi nilikimbia na mwiko mkononi, ugali umebaki motoni. Pale shimoni walikuwa wanampandisha mtu amefungwa mkono kwa shati, na shati limelowa. Toroli lilirudi nyuma likiwa na mawe, likambana mkono kwenye ukuta wa mwamba. Sikuuliza ni nani. Nilimjua kwa miguu.

Kwenye hospitali ya mgodi dresa, yule mfunga vidonda, akatoka nje, akaita jina la mume wangu. "Mke wa fulani ni nani hapa?" Nikasimama kama mti. Mama wa Tabora akanisukuma mgongoni. Nikaingia. Shemeji alikuwa amelala, midomo mikavu, na aliponiona akajaribu kucheka akashindwa. Akasema, "Mke wangu, usilie." Hakuwa anatania. Macho yake yalikuwa yananiomba.

Wakamkata vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Siku zilizofuata nilitembea. Nilitoka chumbani kwenda hospitali, hospitali kwenda njia panda kutazama malori, njia panda kwenda chumbani. Mume wangu hakuwa amerudi. Nilikuwa namwomba Mungu arudi, na papo hapo namwomba asirudi, maana akirudi watakuwa wawili wa namba moja, mmoja ana vidole kumi. Nilikonda.

Mtu akiumia vile ilikuwa lazima serikali ipewe habari, kwa hiyo akaja Bwana Leba. Ndivyo tulivyomwita yule afisa wa mambo ya kazi. Mzungu kijana, amechomwa na jua mpaka pua inamenyeka. Alikuja na mkalimani, mzee wa mjini, kanzu safi, Kiswahili chake kinateleza kama samli. Wakaweka meza kwenye baraza ya hospitali. Mzungu wa kambi akakaa upande mmoja, nyapara kasimama nyuma yake, kifua mbele. Shemeji akaletwa, mkono umefungwa kitambaa cheupe. Nami nikaitwa.

Mkalimani akamweleza shemeji kwa upole, kama anamfundisha mtoto sala. Mtu akiumia kazini, mwajiri ana wajibu wa kumtibu mpaka apone. Kiungo kikipotea, kuna fidia yake, imepangwa na sheria. Atarudishwa kwao kwa gari la mgodi. Na mkono ukimsumbua baadaye kwa sababu ya ajali hii, ana haki ya kurudi kudai. "Huombi, kijana wangu," akasema. "Unadai."

Sikuwahi kusikia kitu kama hicho. Tangu tufike pale tulikuwa tunashukuru tu, tunashukuru posho, tunashukuru chumba, tunashukuru hata kunyimwa. Kumbe tulikuwa na vya kudai! Nilisikia joto linapanda kifuani.

Bwana Leba akaanza kuuliza. Jina lako? Shemeji akataja la kaka yake. Kwenu? Akataja. Umeoa? Akanyoosha mkono mzima kunielekea. Mkalimani akanigeukia: "Mama, huyu ndiye mumeo?"

Mtasema ningeitika tu. Wengi wameniambia hivyo mpaka leo. Ningesema ndiyo, mume wangu angepona boma, shemeji angetibiwa, kila mtu angekwenda zake. Lakini nilimtazama shemeji pale, na nikaona mambo yote yatakavyokuwa. Siku atakapokwenda kumposa yule binti, wakwe watauliza vidole viko wapi. Aseme nini? Kwamba aliyekatwa ni kaka yake? Na mkono ukioza mwakani, atarudi kudai kwa jina gani, wakati mwenye jina analima mpunga na mikono yake yote miwili? Huyu kijana alikuwa anatoa vidole vyake bure. Alikuwa anavitoa mbele yangu, na mimi natakiwa niitikie.

Na hasira nayo, nisiseme uongo. Hasira ya ile kofia mkononi.

"Huyu ni shemeji yangu," nikasema. "Mume wangu yuko matangani kwa mama yake. Aliomba ruhusa kwa bwana huyo hapo, akamnyima. Basi ndugu yake akashika nafasi, na nyapara anajua!"

Baraza ikalipuka. Mzungu wa kambi akasimama. Nyapara akaapa kwa Mungu na kwa babu yake kwamba hajui lolote, amedanganywa, watu hawa wanafanana. Shemeji aliniangalia tu, machozi yakamtoka, akasema polepole kwa Kisukuma, "Umemuua kaka." Nilitaka ardhi inimeze.

Bwana Leba aliacha watu wapige kelele mpaka wakachoka. Kisha akasema, na mkalimani akatufasiria neno kwa neno. Kama nyapara alimkubali kijana huyu na kumpa kazi, basi mgodi ulimwajiri, hata kama hakuweka dole gumba popote. Nyapara ni mkono wa mgodi. Haki zote za aliyeumia ni zake, kwa jina lake mwenyewe. Lakini kama nyapara hakujua, kijana ameingia shimoni kwa ujanja, na mgodi haudaiwi kitu. Ni nani wa kusema nyapara alijua? Watu wa zamu ile walitazama miguu yao. Wana mikataba, wana watoto, na nyapara ndiye anayegawa toroli. Amebaki mwenye namba, mume wangu. Akija aseme.

"Na akija akisema?" nikauliza.

Mkalimani akashusha sauti. "Akisema, mama, atakuwa amekiri kwamba aliondoka bila ruhusa."

Mnaona? Neno la kumwokoa ndugu yake ndilo hilo hilo la kumfunga yeye. Sikulala kitandani tena, nilikuwa nalala juu ya upupu. Kulipokucha nikafunga khanga kiunoni, nikamwambia mama wa Tabora anitazamie chumba, nikadandia lori tupu mpaka Runzewe. Malori yote ya kutoka Kahama yalipumzika pale. Nilikuwa na nia moja tu. Nimkute mume wangu kabla askari hawajamkuta, nimwambie ageuze.

Runzewe wakati ule ilikuwa maduka machache, mti wa kivuli wa kuegeshea malori, na mafundi cherehani barazani. Nilisalimiana na kila mtu mpaka wakanizoea. Lori likija naruka, nachungulia nyuma, nasikia, "Mama, umepoteza nini?" Mwenye duka mmoja alinipa kigoda. Kigoda kilikaa peke yake.

Akaja. Nilimwona kabla lori halijasimama, kichwa kimenyolewa kinang'aa, amekaa juu ya magunia. Akashuka pole pole, kama kawaida yake, mpaka nikataka kumvuta mguu. Nikamweleza pale pale kando ya gurudumu, vidole, Bwana Leba, nyapara, nilichosema mimi, kila kitu kwa pumzi moja. Alisikiliza. Halafu akauliza swali moja.

"Mkono gani?"

"Wa kulia."

Akakaa chini. Mtu mkubwa vile, akakaa chini kwenye vumbi, akajifunika uso. Kwa mama yake hakulia mbele yangu. Kwa mkono ule alilia.

"Geuza," nikamwambia. "Panda lori hili hili likirudi. Nenda kwa wajomba zako, nenda Uzinza, nenda popote. Watakutafuta mwaka mmoja watachoka."

"Na yeye?"

"Yeye ana Bwana Leba."

"Bwana Leba ananingoja mimi."

"Watakufunga! Husikii? Wa-ta-ku-fu-nga! Umetoka matangani kwa mama yako, hujakosa kitu, kosa lako ni kuwa na mama!"

Nilipiga kelele mpaka mafundi cherehani wakasimamisha miguu. Nikalia, nikamtukana, nikamvuta shati. Nilimtukana kwa maneno ambayo mke hatakiwi kuyajua. Akasubiri nimalize. Alikuwa mtu wa kujibu kesho, na siku ile alijibu papo hapo: "Alisimama kwenye nafasi yangu. Nikikimbia nitakuwa nimeacha pengo mara mbili."

Tukarudi pamoja. Njia nzima sikusema naye. Nilikuwa nimekasirika, na nilikuwa na hofu, na chini ya hayo yote nilikuwa najivunia yule mtu mpaka kifua kinauma. Lakini sikumwambia.

Shauri lilisikilizwa bomani. Bwana Leba alikuwepo, Mzungu wa kambi, nyapara na kanzu ya sikukuu. Mume wangu akasimama mbele ya Bwana Shauri, yule Mzungu wa boma mwenye kukata kesi, akasema yote bila kupunguza. Ndiyo, aliondoka. Ndiyo, alijua amenyimwa. Ndugu yake akashuka kwa kibati chake, na nyapara alijua, maana alimkagua na kumpokea, na alipewa jogoo.

Nyapara akacheka kwa dharau. Jogoo gani? Hajaona jogoo wala kifaranga.

"Mzee," mume wangu akamwambia kwa heshima zote, "yule jogoo nilimnunua kwa ajili yako. Mnene, kijana, anajaza sufuria."

"Mnene?" Nyapara alishindwa kujizuia. "Mnene yule? Mke wangu kamchemsha mchana kutwa, mifupa mitupu! Hata mchuzi hauku..."

Akajiziba mdomo. Mkalimani aliinamisha kichwa, mabega yanamtikisika, kisha akatafsiri mpaka mchuzi. Hata Bwana Shauri alijifuta mdomo kwa leso.

Basi shemeji akapata haki yake. Mgodi uliambiwa umtibu mpaka mkono ufunge, umlipe fidia, umrudishe kwao, na yote hayo yakaandikwa kwa jina lake, lile alilopewa na marehemu mama yao. Tulikumbatiana kwa furaha. Halafu Bwana Shauri akageuza karatasi, akamfunga mume wangu mwezi mmoja kwa utoro.

Shemeji akaruka mbele. Akamshika askari mkono wa shati kwa ule mkono wake mzima. "Huyu katoka matangani, hajapumzika hata siku moja," akasema. "Acha niingie mimi kwanza. Yeye akishapumzika atakuja kunipokea." Alisema kweli kabisa, uso mkavu. Watu walicheka. Askari mwenyewe alicheka, akamtoa mkono taratibu. Mimi sikucheka, na mume wangu hakucheka.

Mwezi ule nilikuwa bomani kila siku ya ruhusa, nimebeba chungu. Mama wa Tabora alinikopesha sehemu kwenye karai lake, nikakaanga maandazi, na kwa mara ya kwanza maishani nilimshukuru Mungu kwa kazi inayotaka kusimama. Shemeji akapelekwa kwao kwa gari la mgodi, amekaa mbele na dereva. Alimuoa yule binti. Wakwe walipouliza vidole, akawaambia viko wapi na nani alivilipia, na hawakuuliza tena.

Mume wangu alipotoka nilikuwa nimeshafunga mizigo. Vyombo kwenye kapu, mkeka umekunjwa, kuku wangu wawili nimewafunga miguu. Nilidhani tumemalizana. Ameadhibiwa, adhabu imekwisha, nani atabaki mahali pale? Tulipofika kambini nyapara mpya, maana yule wa jogoo alikuwa ameshafukuzwa, alikuwa anatusubiri mlangoni. Nyapara mpya alikuwa mtu wa maneno machache. Akatoa kibati mfukoni, kile kile, akampa mume wangu.

"Kesho zamu ya asubuhi," akasema.

Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Kifungo hakikufuta mkataba. Muda wake ulikuwa haujaisha, na zile siku alizokaa msibani na zile alizokaa ndani zilikuwa zimeongezwa mwishoni. Nilikwenda mbio mpaka kwa mkalimani, bahati nzuri siku ile alikuwa amekuja tena kambini na bwana wake. Nikamwuliza kama ni kweli. Akasema ni kweli, sheria ndiyo ile ile. Ile ile iliyompa kijana fidia? Ile ile, mama. Nilitaka kumtukana akawa mzee mno.

Alfajiri king'ora kikalia, akaamka, akavaa vile viatu. Nilisimama mlangoni nimeuziba kwa mwili wangu.

"Usiende."

"Nisipoenda nitakuwa mtoro tena."

"Watakuweka kwenye toroli lile lile."

"Huenda."

Nilimtazama pale alfajiri, kichwa nywele zimeanza kuota, kibati kifuani. Nilikuwa na mengi ya kusema, na yote yalikuwa machozi. Nikasogea kando.

"Haya nenda," nikamwambia. "Lakini ukiumia, uumie kwa jina lako."

Akacheka. Alicheka kwa sauti mpaka mama wa Tabora akafungua dirisha, kisha mume wangu akashuka kilima na wenzake, nami nikaanza kufagia.